Uwanja Kando ya Bahari: Cape Town na Swali la Kujenga

Tarehe 24 Machi 2023, timu ya taifa ya Uganda ilikuwa mwenyeji wa Tanzania katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi hizi mbili zinapakana. Abiria anayepanda basi Kampala jioni huvuka mpaka wa Mutukula kabla hakujapambazuka. Hata hivyo, majirani hao hawakukutana Kampala. Walikutana Ismailia, nchini Misri, maelfu ya kilomita kutoka kwa mashabiki wao, kwa sababu wakati huo Uganda haikuwa na uwanja uliokidhi viwango vya Shirikisho la Soka la Afrika. Uwanja wa Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa msaada wa China na kupewa jina la Nelson Mandela, ulikuwa umechakaa hata ukahitaji matengenezo makubwa.

Mwanafunzi anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kusema: basi, tujenge. Tena hatakuwa peke yake. Septemba mwaka huohuo, Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na kwa ajili ya mashindano hayo viwanja vipya vilianza kujengwa Nairobi, Arusha na Hoima. Kwa hiyo hoja isemayo kwamba mji ujenge uwanja mpya wa soka ya kulipwa si zoezi la mdahalo wa darasani tu. Ni swali la bajeti, la ardhi, na la nani anasikilizwa pale maamuzi makubwa yanapofanywa.

Kabla ya kuchagua upande wetu, na tuutazame mji mmoja wa Kiafrika uliokwisha kulijibu swali hilo. Mji huo ni Cape Town.

Heshima iliyokuja na masharti

Tarehe 15 Mei 2004, huko Zürich, Uswisi, Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, liliipa Afrika Kusini uenyeji wa Kombe la Dunia la mwaka 2010. Afrika Kusini ilipata kura 14, Moroko 10. Mandela mwenyewe alikuwa ukumbini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuletwa katika bara la Afrika, na nchi iliyokuwa imetoka katika ubaguzi wa rangi miaka kumi tu nyuma yake iliiona siku hiyo kuwa ya kukubaliwa na ulimwengu mzima.

Lakini heshima kama hiyo haiji mikono mitupu, na wala haiondoki mikono mitupu. FIFA huweka masharti. Uwanja wa mechi za mwanzo unatakiwa uwe na idadi fulani ya viti, na uwanja wa nusu fainali unatakiwa uwe na viti visivyopungua 60,000. Mji unaotaka mechi kubwa lazima uwe na uwanja mkubwa. Cape Town, mji maarufu kuliko yote nchini kwa watalii, haukutaka kuambulia mechi ndogo.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Ujengwe uwanja mpya, au utengenezwe wa zamani? Na kama ni mpya, ujengwe wapi?

Mahali patatu, historia tatu

Mahali pa kwanza palikuwa Newlands. Hapo pamechezwa raga tangu mwaka 1890, katika kitongoji chenye miti mikubwa chini ya mlima. Uwanja wa Newlands ulikuwepo, ulikuwa mkubwa, na ulikuwa na wenyewe: chama cha raga cha Western Province. Katika maombi ya awali ya Afrika Kusini, Newlands ndio uliotajwa kuwa uwanja wa Cape Town. Faida yake ilikuwa wazi, kwani kukarabati ni rahisi kuliko kujenga upya. Upungufu wake nao ulikuwa wazi: haukuwa na nafasi ya kutosha kwa nusu fainali.

Mahali pa pili palikuwa Athlone, katika eneo la Cape Flats. Ili kuelewa uzito wa jina hili, inatubidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 serikali ya Makaburu ilipitisha sheria ya kuwatenga watu kimakazi kwa kufuata rangi zao. Mwaka 1966 mtaa wa District Six, uliokuwa karibu kabisa na katikati ya mji, ulitangazwa kuwa wa wazungu peke yao. Zaidi ya watu 60,000 walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa, nao wakapelekwa kwenye mchanga na upepo wa Cape Flats. Watu wa Athlone na vitongoji vinavyouzunguka walikuwa na mapenzi makubwa na soka. Uwanja wao ulikuwepo, ingawa ulikuwa mdogo. Waliotetea Athlone walisema hivi: fedha nyingi za umma zikitumika, zitumike mahali ambapo umma ulinyimwa. Uwanja utaleta barabara, usafiri, taa, maduka na kazi kwa watu waliosukumwa pembezoni.

Mahali pa tatu palikuwa Green Point, kando ya bahari, mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji na kutoka bandari ya kitalii. Hapo palikuwa na ardhi ya wazi ya umma, uwanja wa gofu, na uwanja mkuukuu wa michezo ambapo Novemba 2003 lilifanyika tamasha kubwa lililoandaliwa kwa jina la Mandela ili kupambana na UKIMWI. Nyuma yake unasimama Mlima wa Meza. Picha ya runinga inayoonyesha uwanja, bahari na mlima kwa pamoja ni tangazo ambalo idara yoyote ya utalii ingelitamani.

Ujumbe wa FIFA ulizuru mji mwaka 2005, na upendeleo wake ukadhihirika: Green Point. Athlone na Newlands zikasogezwa kando.

Hoja za pande mbili

Mtu anayejiandaa kwa mdahalo asiwadharau wapinzani wake. Katika Cape Town, pande zote mbili zilikuwa na watu wenye akili na nia njema.

Waliounga mkono walisema kwamba mji wenye watu zaidi ya milioni 3 haukosi matumizi ya uwanja wa kisasa. Walisema kwamba ujenzi ungetoa ajira kwa maelfu ya mafundi na vibarua. Walisema kwamba sehemu kubwa ya fedha ingetoka serikali kuu, na kama mji ukizikataa, zingekwenda kwenye mji mwingine. Hazingegeuka kuwa nyumba za maskini kwa sababu tu Cape Town umesema hapana. Walisema pia kwamba mashindano yangeuharakisha mji kutengeneza mambo uliyoyahitaji kwa vyovyote: stesheni ya treni, barabara, na mfumo wa mabasi.

Waliopinga walijibu kwamba mji una familia nyingi mno zinazoishi katika vibanda vya mabati zikisubiri nyumba za serikali, na kwamba kila randi ina matumizi yake. Wakazi wa Green Point walihofia kupoteza ardhi ya wazi na utulivu wao, na upinzani ukafika hadi mahakamani. Wengine, ambao hawakuwa na nyumba kando ya bahari, walikuwa na swali zito zaidi: baada ya Kombe la Dunia, nani atacheza hapo? Klabu za soka za Cape Town hazikuwa na mashabiki wa kujaza nusu ya viti hivyo. Chama cha raga kilichokuwa na mashabiki hao kilikuwa na uwanja wake. Kwa maneno mengine, ilikuwa inajengwa nyumba kubwa ya kupangisha, na mpangaji pekee aliyeweza kulipa kodi alikuwa tayari na nyumba yake.

Swali hili la mwisho, ndugu msomaji, ndilo lililostahili kujibiwa kwanza. Ndilo lililojibiwa mwisho.

Uchaguzi na uamuzi

Tarehe 1 Machi 2006 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Meya wa chama cha ANC, Nomaindia Mfeketo, aliondoka madarakani, na Helen Zille wa chama cha Democratic Alliance akachukua nafasi yake akiongoza muungano wa vyama kadhaa. Uongozi uliotangulia ulikuwa umekwisha kuikubali Green Point. Meya mpya alikuta mkataba mezani, saa ya mashindano ikitembea, na gharama zikipanda.

Zille hakuukubali mradi papo hapo. Aliagiza gharama zichunguzwe upya, akataka mchango wa mji uwekewe kikomo ili mlipa kodi wa mji asije akabebeshwa mzigo wote. Hatimaye alikubali. Alikuwa na machaguo machache: kukataa kulimaanisha kuondoa Cape Town katika Kombe la Dunia, na hakuna mwanasiasa ambaye angependa kukumbukwa kwa hilo. Hapa pana funzo la uraia lisilohusu soka peke yake. Uamuzi unaocheleweshwa hadi muda uishe si uamuzi tena. Ni kutia sahihi tu.

Ujenzi ulianza Machi 2007 na kukamilika Desemba 2009. Uwanja uliozaliwa ni mzuri, hilo halina ubishi. Umbo lake ni kama bakuli kubwa jeupe. Paa lake la kioo huzuia upepo na kelele, na jioni kuta zake hubadilika rangi kwa kufuata jua linavyozama baharini. Gharama ilifika yapata randi bilioni 4.4, kupita kwa mbali makadirio ya mwanzo. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walipaswa kuongeza: na vimelipiwa.

Mechi nane

Kombe la Dunia lilipowadia, Cape Town ulipata mechi nane. Ya kwanza ilichezwa tarehe 11 Juni 2010, Uruguay na Ufaransa, ikaisha bila bao. Tarehe 3 Julai Ujerumani iliifunga Argentina mabao 4 kwa 0 katika robo fainali. Tarehe 6 Julai, katika nusu fainali, Uholanzi iliishinda Uruguay 3 kwa 2. Viti vilikuwa zaidi ya 64,000.

Nje ya uwanja kulitokea jambo ambalo halikuwa katika hesabu za mtu yeyote. Mji ulikuwa umetenga njia ya waenda kwa miguu ya takriban kilomita mbili na nusu, kutoka stesheni kuu ya treni hadi uwanjani. Siku za mechi watu waliijaza wakiwa na vuvuzela, bendera na nyuso zilizopakwa rangi. Walitembea pamoja watu wa vitongoji ambavyo sheria za zamani zilivitenganisha kwa makusudi. Wengi wao hawakuwa na tiketi. Walikuja kutembea tu.

Mwanahistoria mwaminifu lazima aliandike hilo. Furaha ya watu haiingii katika daftari la mapato na matumizi, lakini ilikuwepo, na waliokuwepo hawataisahau. Lakini pia lazima aandike kilichofuata.

Mgeni siku ya tatu

Methali yetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uwanja ulipomaliza siku zake za ugeni, haukuwa na jembe.

Mji ulikuwa umeandaa mwendeshaji, muungano wa kampuni uliohusisha waendeshaji wa uwanja wa taifa wa Ufaransa, ambao ungeupangisha uwanja kwa miaka 30. Mnamo Oktoba 2010, miezi mitatu tu baada ya fainali, waliangalia hesabu wakajitoa. Mzigo ukarudi kwa mji. Viti vya muda viliondolewa, vikabaki 55,000, na hata hivyo vilikuwa vingi mno kwa ligi. Masharti ya matumizi ya ardhi, yaliyowekwa ili kuwatuliza wakazi, yalizuia kufungua maduka na ofisi ambazo zingeingiza kodi. Kila mwaka mji ulitoa makumi ya mamilioni ya randi ili taa ziwake, nyasi zikatwe na paa lioshwe. Walitokea hata watu waliopendekeza kwamba jengo hilo libomolewe.

Matamasha yalikuja, mechi za hapa na pale zikachezwa, na kuanzia Desemba 2015 mashindano ya raga ya wachezaji saba saba yakawa yakijaza viti kila mwaka. Lakini jibu la kweli lilikuwa ni lile lililojulikana tangu mwaka 2006. Chama cha raga, ambacho kwa miaka mingi hakikutaka kuhama nyumba yake kwenda kuwa mpangaji, hatimaye kilikubali. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Newlands ilifunga milango yake kwa raga ya kulipwa na timu ya Stormers ikahamia Green Point. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Juni 2022, Stormers iliifunga Bulls 18 kwa 13 katika fainali ya mashindano ya United Rugby Championship, mbele ya umma mkubwa, katika uwanja uleule uliokuwa umeitwa hasara.

Je, basi waliounga mkono walishinda mdahalo? Tusifanye haraka. Mpangaji aliyeuokoa uwanja alikuwa jirani wa kilomita chache tu. Mazungumzo yaliyokamilika mwaka 2021 yangeweza kuwa sharti la kuchimba msingi mwaka 2007. Hakuna aliyeyafanya kuwa sharti. Miaka 14 kati ya tarehe hizo mbili ililipiwa na wakazi wa mji, wakiwemo wale wa Athlone, ambao uwanja haukujengwa kwao. Kwa upande wa Athlone, uwanja wao ulikarabatiwa ili timu zifanyie mazoezi. Waliomba karamu, wakaletewa sahani.

Haki inatudai tuongeze jambo moja. Hakuna ajuaye kama uwanja mkubwa uliojengwa Athlone ungejaa. Huenda nao ungebaki mtupu, na hasara ingeitwa kosa la maskini. Uwanja peke yake haujengi kitongoji. Kinachojenga ni mpango unaouzunguka, na mpango huo haukuwa tayari mahali popote kati ya hapo patatu.

Tunachojifunza

Mwalimu Nyerere aliwafundisha Watanzania kwamba kupanga ni kuchagua. Cape Town unatukumbusha kwamba kuchagua nako kuna mpangilio. Watu wa Cape Town waliulizana: tujenge wapi, tujenge lini, tujenge kwa uzuri gani? Maswali hayo yote yana majibu ya kupendeza, yanayochorwa kwenye karatasi na kuonyeshwa waandishi wa habari. Maswali ambayo hayachoreki ndiyo yenye uzito: nani atautumia uwanja Jumamosi ya kawaida, mwezi wa tatu baada ya sherehe? Nani atalipia umeme? Nani alikuwa mezani wakati mahali palipochaguliwa, na nani alipashwa habari tu?

Namboole inatufundisha upande wa pili wa shilingi hiyohiyo. Huo ulikuwa uwanja uliohitajiwa, uliotumiwa na kupendwa. Mnamo Septemba 2016, hapo ndipo Uganda ilipoifunga Visiwa vya Komoro bao 1 kwa 0 na kurudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 38. Haukuwa na shida ya watazamaji. Ulikosa matunzo, na mwisho wake ulikuwa mechi ya majirani kuchezwa Ismailia. Kujenga ni gharama ya mara moja. Kutunza ni gharama ya kila mwaka, na bajeti inayosahau ya pili imekwisha kuipoteza ya kwanza.

Kwa hiyo, atakayesimama upande wa kuunga mkono hoja yetu asiseme tu kwamba soka huleta umoja. Aje na jina la mpangaji, hesabu ya matunzo ya miaka 20, na ushahidi kwamba wakazi waliulizwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Na atakayepinga asiseme tu kwamba kuna maskini. Aonyeshe kwamba fedha hizo zingeweza kweli kuwafikia maskini hao, na aeleze mji utafanya nini timu yake itakapolazimika kucheza ugenini nyumbani kwake.

Maswali ya mdahalo

1. Je, serikali kuu ikitoa fedha za uwanja, wakazi wa mji wana haki ya kuukataa? Toa sababu.

2. Kama ungekuwa diwani wa Cape Town mwaka 2006, ungechagua Newlands, Athlone au Green Point? Tetea uchaguzi wako kwa hoja mbili, kisha taja hoja moja ya mpinzani wako inayokusumbua.

3. Mwulize mtu mzima katika mtaa wako: ni jengo gani la umma lililofunguliwa kwa sherehe na sasa halitumiki? Andika aya moja ukieleza nini kilikosekana, jengo lenyewe au mpango wake.